Titi linajaa kila jioni lakini mkono uko sawa. Inaweza kuwa limfedema?

MamaPacha

Wapendwa, habari zenu. Naomba mnivumilie, nitaeleza kirefu kidogo, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Nina miaka 47. Mwaka jana nilikutwa na saratani kwenye titi la kushoto, donge la kama sentimita 2, upande wa nje kwa juu, karibu na kwapa. (Nasema donge kwa ile saratani yenyewe, lisije likachanganyika na huku kuvimba ninakotaka kuwaeleza.) Titi halikukatwa lote. Walitoa donge na nyama kidogo ya kulizunguka, wakatoa na tezi 3 za kwapani ili zipimwe, zikakutwa safi. Kidonda kilipopona nikapigwa mionzi mara 15, kisha mara 5 za nyongeza pale pale donge lilipokuwa. Nimemaliza miezi 5 iliyopita. Sasa nameza kidonge cha kuzuia homoni kila siku.

Wakati wa mionzi titi lilivimba na ngozi ikababuka. Niliambiwa ni kawaida, litatulia. Ngozi ilipona kweli, ikawa nyeusi tii halafu ikaanza kurudi rangi yake. Lakini titi halikurudi. Ninachokiona ni hiki: asubuhi linakuwa na nafuu, kadiri siku inavyokwenda linajaa, na ikifika jioni ni zito kiasi kwamba nikishuka ngazi nalishikilia kwa mkono. Haliumi kama jipu. Ni uzito, na mara mojamoja kichomi kinapita ghafla na kuondoka.

Jioni nikivua sidiria, mshono wa chini unabaki umechorwa kwenye titi la kushoto kama mfereji. Upande wa kulia alama hufutika kabla sijamaliza kuvaa nguo ya kulalia. Upande wa kushoto, juzi niliamka alfajiri nikaupitisha kidole, mfereji bado upo.

Halafu kuna ngozi ya chini, kuanzia usawa wa chuchu kushuka. Vile vitundu vya vinyweleo vimepanuka, vinaonekana kimoja kimoja, kama ganda la chungwa. Nilipoviona mara ya kwanza nilikaa chini kwenye sakafu ya bafu, kwa sababu nimewahi kusoma kwamba ganda la chungwa ni dalili ya saratani. Nikabonyeza pale kwa kidole gumba nikahesabu mpaka kumi. Nilipoachia kikabaki kishimo.

Nilirudi kliniki. Nilipimwa mikono yote miwili kwa utepe, sehemu nne kila mkono, nikaambiwa imelingana, sina tatizo la limfu (yale maji ya mwilini yanayopita kwenye tezi), nirudi baada ya miezi 6. Titi lenyewe halikuguswa. Nilikuwa nimeshafungua vifungo viwili vya blauzi. Nikavifunga, nikashukuru, nikatoka.

Swali langu kwa waliopitia: limfedema, yaani kuvimba kwa sababu limfu imetuama, inaweza kukaa kwenye titi lenyewe huku mkono ukiwa mzima? Na nitajuaje kama ni hiyo na si ugonjwa umerudi?

Subira_1

Pole sana dada. Mimi wakati wa kemo miguu ilivimba, nikapewa vidonge vya kukojoza maji, ikanywea ndani ya siku tatu. Ulizia hivyo. Usiku pia kanda kwa kitambaa cha moto, ukisugua kwa nguvu kutoka chini kwenda juu ili maji yasogee. Mungu akutie nguvu.

MwalimuWaHesabu

Mdogo wangu MamaPacha, pole. Na umejiangalia vizuri kuliko wengi. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Kile kishimo cha kidole gumba kimenirudisha miaka 6 nyuma.

Nianze na jibu. Ndiyo, titi lenyewe linaweza kupata limfedema na mkono usiguswe kabisa. Mkono ndio unaotajwa kila mahali kwa sababu una namba: unazungusha utepe, unapata sentimita, unaandika. Titi halizungushiki hivyo, na baada ya upasuaji mawili hayalingani tena hata pasipo kuvimba. Matokeo yake tunaingia chumba cha daktari na kutoka, mkono umepimwa, titi limebaki ndani ya nguo. Mimi yalinikuta hayo mara mbili.

Sehemu kubwa ya maji ya limfu ya titi hupitia kwapani. Kovu lako, kwa maelezo yako, liko juu kwa nje, yaani katikati ya njia hiyo hiyo. Juu ya hapo mionzi nayo huacha vijia vidogo vya limfu vikiwa vimekakamaa na tishu ikiwa nzito. Tezi 3 ni chache, kweli, na aliyetolewa 15 ana hatari kubwa kuliko wewe, lakini chache si sifuri. Mwenye matiti makubwa naye huwa kwenye hatari zaidi, maana maji hutuama sehemu ya chini. Ndiyo sababu vitundu vyako viko chini ya chuchu na si juu.

Sasa sehemu ambayo nakuomba uisome taratibu. Usisubiri miezi 6. Sisemi hivyo kwa kudhani saratani imerudi. Nasema kwa sababu mambo matatu tofauti yanaweza kuvaa sura moja, na huwezi kuyatenganisha kwa kioo cha bafuni. Mimi nimepitia yote matatu, mawili kweli na la tatu kwa hofu tu, kwa hiyo naeleza nilivyoyaona kwenye mwili wangu.

La kwanza ni limfedema yenyewe. Kwangu ilianza mwezi wa 4 baada ya mionzi. Nilikuwa mwalimu, mazoea ya daftari hayaniachi, nikapiga mistari: tarehe, asubuhi, jioni, alama ya sidiria imekaa muda gani. Baada ya wiki mbili daftari lilinionyesha kitu ambacho macho yangu hayakukiona: kila siku niliyosimama darasani muda mrefu alama ilikaa zaidi ya saa mbili, na kila siku niliyopumzika ilikaa chini ya nusu saa. Huo mwendo wa kupanda na kushuka ndio ulionitambulisha. Ilikuja polepole. Ilikuwa nzito kuliko kuuma. Nilipobana ngozi kati ya vidole viwili, upande wa mionzi mkunjo ulikuwa mnene kama wa kitambaa cha koti, na upande wa pili ulikuwa mwembamba kama shuka. Na mimi mwenyewe sikuwa mgonjwa: nilikula, nililala, sikuwa na homa.

La pili ni maambukizi ya ngozi. Hili haliji polepole. Ilikuwa saa 3 usiku nikaanza kutetemeka kwa baridi chini ya blanketi mbili, nikadhani ni malaria. Nilipovua nguo titi lilikuwa la moto. Hapa niseme jambo ambalo maandishi mengi hayasemi: kila karatasi niliyopewa iliandika "titi litakuwa jekundu". Ngozi yangu ni nyeusi, haijawahi kuwa nyekundu maishani. Iliiva tu, ikakoza kuelekea zambarau, ikawa inang'aa. Kama ningesubiri wekundu ningesubiri kaburini. Kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja: gusa upande mzima kwanza, kisha upande wa mionzi. Titi lenye limfedema linaweza kuwa na joto kidogo, lakini hili lilikuwa joto la kushtua. Nilichukua kalamu ya wino nikachora mstari kuzunguka pale rangi ilipoishia. Saa 10 alfajiri rangi ilikuwa imeuvuka mstari kwa upana wa vidole viwili. Sikungoja kupambazuke vizuri, nikaenda hospitali. Nilichomwa dawa za kuua bakteria kwenye mshipa siku mbili, zikafuata vidonge. Limfu ikituama, vijidudu hupata mahali pa kuzaliana, na maambukizi nayo yanazidi kuharibu vijia vilivyobaki. Ndiyo maana homa pamoja na titi la moto ni jambo la siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama kesho una miadi.

La tatu ndilo lililokukalisha sakafuni. Ganda la chungwa hutokea kwa sababu maji yamejaa kwenye ngozi na vinyweleo vimeishikilia chini. Mionzi na upasuaji vinaweza kuyafungia njia maji hayo, na saratani iliyoingia kwenye vijia vya limfu vya ngozi inaweza kuyafungia vilevile. Kwa macho hayatofautiani. Kwa hiyo wasikudanganye kwamba ganda la chungwa lazima liwe saratani, na wasikudanganye kwamba haliwezi kuwa. Yanayofanya daktari aharakishe ni haya: mabadiliko ya kasi ndani ya wiki chache, rangi inayoenea bila kuitika dawa za bakteria, chuchu iliyoanza kuingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, donge gumu jipya, tezi zinazoshikika kwapani au juu ya mfupa wa mtulinga, au kuvimba kulikokuwa kumeshatulia kisha kukarudi bila sababu. Kwangu, yale maambukizi yalipopona ngozi ilibaki nene. Daktari hakuridhika, akakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Nilisubiri majibu siku 9. Zile siku 9 sitazielezea. Yalirudi safi, na tangu hapo tumekuwa tukitibu limfedema tukijua tunatibu nini.

Kwa hiyo ukienda, usiseme "navimba". Neno hilo linawarudisha kwenye mkono. Mimi nilijifunza kusema: "Naomba uliangalie na uliguse titi lenyewe, nikiwa nimekaa na nikiwa nimelala, ulilinganishe na la pili." Kisha nikabonyeza mwenyewe mbele yake, nikaachia, tukakitazama kile kishimo pamoja. Beba picha pia, asubuhi na jioni, dirisha lile lile, umbali ule ule, na tarehe. Miadi nyingi ni za asubuhi, wakati ambao titi lina nafuu. Bila picha ya jioni unaonekana unalalamika bure.

Na vifungo vile viwili, mdogo wangu, safari hii usivifunge mpaka uangaliwe. Mimi niliona aibu kulalamika. Nilijiambia wenzangu hawakupona, mimi nimepona, nitalalamikaje kwa titi kujaa? Nilipoteza miezi 7 kwa mawazo hayo na tishu ya chini ikaanza kuwa ngumu. Imelainika sehemu, si yote.

Subira, mwanangu, najua umesema kwa upendo, ila naomba MamaPacha asifuate hayo mawili. Joto linaongeza damu na maji yanayoingia mahali ambapo tayari maji hayatoki, na ngozi iliyopigwa mionzi inaungua bila kuhisi vizuri. Kuhusu kusugua na vile vidonge, kuna mtaalamu hapa ataeleza kuliko mimi.

FizioWaLimfu

Mwalimu ameshaeleza yaliyo muhimu, nitaongeza upande wa kazi yangu. Natibu limfedema kwa mikono, mwaka wa 11 sasa.

Vidonge vya kukojoza maji: vilimfaa Subira kwa sababu maji ya miguu yake yalikuwa ya aina nyingine. Limfu ina protini. Kidonge kinaondoa maji kupitia figo, protini inabaki ndani ya tishu na inavuta maji tena. Kwa limfedema peke yake havisaidii. Kama mtu anavimeza kwa sababu ya moyo au shinikizo la damu, aendelee navyo kama alivyoandikiwa, hilo ni jambo jingine.

Kusugua kwa nguvu: hapana. Vijia vya limfu vya ngozini viko juu juu na ni laini, ukikandamiza unavibana. Tunachofanya ni kuvuta ngozi tu, bila mafuta, mkono mwepesi kama unavyompapasa mtoto mchanga kichwani. Njia hii ilianzishwa na Emil Vodder, Mdenmaki, akaionyesha Paris mwaka 1936. Watu hushangaa kwamba hatuanzii kwenye titi. Tunaanzia shingoni na kwa pumzi ndefu za tumboni, kisha kwapa la upande mzima, kisha kinena cha upande ule ule uliovimba, yaani tunafungua milango ya kutokea kwanza. Titi linafuata mwisho, na maji yanasukumwa kuelekea huko kwenye milango iliyo wazi. Mgonjwa anafundishwa kujifanyia mwenyewe, dakika 15 hadi 20. Ila ukiwa na homa au titi la moto, hakuna kukanda. Kama bado haijulikani kwamba saratani haijarudi, nayo tunasubiri daktari aseme kwanza.

Sidiria ni nusu ya tiba. Isiyo na waya, mikanda mipana mabegani, ubavuni ipande mpaka karibu na kwapa, mkanda wa chini uwe mpana na usikate. Inatakiwa ishikilie titi lote kwa usawa, isilibane mahali pamoja. Huo mfereji unaouona, MamaPacha, haukuonyeshi maji tu, unaonyesha pia kwamba mshono wa sidiria hiyo umekuwa bwawa dogo: maji ya chini yake hayapandi. Sidiria hiyo iache leo. Mahali palipokakamaa tunaweka kipande cha sponji chenye vinundu ndani ya sidiria, kinalainisha kidogo kidogo.

Uchunguzi wenyewe si mgumu. Natazama, nabana ngozi pande zote mbili, nabonyeza, nauliza habari za asubuhi na jioni. Palipo na ultrasaundi unene wa ngozi hupimika: kwa kawaida ngozi ya titi haizidi sana milimita 2.

Jambo la matumaini, na nalisema kwa sababu ni kweli: kuvimba kwa titi baada ya mionzi kwa wengi hupungua kwenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Lakini hilo lisiwe sababu ya kuambiwa usubiri bila kutibiwa. Maji yakikaa muda mrefu tishu hugeuka ngumu, na ngumu ni kazi nzito zaidi kuirudisha.

Mazoezi usiyaogope. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Kathryn Schmitz na wenzake: wanawake wenye limfedema ya mkono walionyanyua vyuma kwa kuongeza uzito taratibu, chini ya uangalizi, hawakuvimba zaidi ya wenzao, na dalili zao zilipungua. Ule ulikuwa mkono, si titi, lakini misuli ya kifua na bega ikifanya kazi ndiyo pampu ya limfu ya eneo hilo lote.

Subira_1

Asanteni kwa kunisahihisha. Sikujua kwamba maji yana tofauti. MamaPacha nisamehe, kitambaa cha moto usiweke.

BintiWaPili

Samahani naomba kuingilia. Mama yangu alitolewa titi lote na tezi 14. Mkono hauna kitu, lakini chini ya kwapa kuelekea mgongoni kuna kitu kama kamto kadogo, na anasema analala kama amelalia nguo iliyokunjwa. Inahusiana na hili?

FizioWaLimfu

Inaweza kuhusiana. Kifua, ubavu na mgongo wa juu vinamwagia limfu kwapa lile lile, kwa hiyo kuvimba kunaweza kukaa hapo hata kama titi halipo tena. Lakini mara nyingine ni ngozi na mafuta yaliyobaki pembeni mwa kovu, na hayo hayabadiliki kwa siku. Mwangalie saa moja asubuhi na saa mbili usiku, akiwa amesimama, mikono chini. Kama kamto kanakua na kidole kinaacha kishimo, apelekwe kwa mtaalamu wa limfedema. Kwa vyovyote daktari wake akashike hapo kwanza.

MamaPacha

Shikamoo Mwalimu. Habari zenu wote. Zimepita wiki tano, nimeona nirudi niseme kilichotokea, maana nami nilikuwa nasoma mazungumzo ya watu hapa yanaishia katikati.

Nilipiga picha siku 10, asubuhi na jioni, dirisha la chumbani. Nilipoenda sikusubiri kuulizwa. Nilisema sentensi ya Mwalimu neno kwa neno, nilikuwa nimeiandika kwenye kiganja. Daktari aliyekuwepo siku hiyo alikuwa mwingine. Alisogeza kiti, akanawa mikono, akayashika matiti yote mawili, kwapa, na juu ya mtulinga. Alibonyeza pale chini akaachia, tukasubiri. Akaniuliza, "Hiki kishimo umekiona tangu lini?" Nililia hapo hapo. Hakuwa ameniambia jambo lolote baya. Ilikuwa tu mara ya kwanza mtu mwingine anakiona.

Nilifanyiwa mamogramu (eksirei ya matiti) na ultrasaundi. Hakuna donge. Ngozi ya chini upande wa kushoto ni milimita 4, ya kulia haifiki 2. Kulikuwa pia na kamfuko kadogo ka maji pale donge lilipotolewa, akasema ni mabaki ya upasuaji, hakahitaji kunyonywa. Ameandika kwenye faili "limfedema ya titi", na ameniambia nirudi baada ya wiki 8, siyo miezi 6, na kama ngozi haitakuwa imeanza kupungua watakata kipande wapime kama walivyomfanyia Mwalimu. Nilimuuliza kama ana wasiwasi. Akasema mwendo wa asubuhi na jioni kwenye picha zangu unamtuliza, lakini hapendi kuacha mlango wazi.

Nimeshakwenda kwa mtaalamu mara nne. FizioWaLimfu, ulisema hamuanzii kwenye titi na mimi siku ya kwanza nilitaka kumwambia yule dada amekosea mahali, kwa sababu alikaa shingoni dakika tano nzima. Sasa najifanyia mwenyewe kila usiku kabla ya kulala. Sidiria mpya haina waya, ubavuni inapanda juu. Nina daftari. Jana jioni alama ilikaa dakika 40. Wiki ya kwanza ilikuwa inalala nami mpaka asubuhi.

Vitundu bado vipo, ila vya upande wa nje vimefifia kidogo, labda naona ninachotaka kuona, sijui, nimeviacha kwenye picha vishuhudie.

Nina swali moja limebaki. Sponji yenye vinundu, nilale nayo au niitoe usiku? Nikiamka nayo ngozi inakuwa na alama za vinundu, na zinachukua muda kuondoka.

FizioWaLimfu

Hongera kwa kufuatilia. Alama za vinundu ni sawa mradi haziumi, ngozi haijachubuka, na zinafutika ndani ya saa moja hivi. Zikikaa zaidi ya hapo au pakiwasha, ivae mchana tu saa chache, usiku uitoe, na umwonyeshe anayekutibu ngozi hiyo kabla hujairudisha. Ngozi yako ina miezi 6 tu tangu mionzi, bado ni changa.

MwalimuWaHesabu

Marahaba, mdogo wangu. Dakika 40! Andika na saa ulizosimama siku hiyo, pembeni. Na siku ya wiki ya 8 ukishatoka kwa daktari uje utuambie, hata kama ni usiku.